Mahindi ya Mama Jeneroza na Kurasa Nilizoziruka

Nyie vijana mnaonijia likizo na simu zenu mikononi, kaeni kwanza, chai inachemka. Wiki iliyopita mmoja wenu, ambaye simtaji kwa sababu mama yake ni jirani yangu na ana mdomo, alinionyesha makala arobaini za kitaaluma alizopakua kwa ajili ya utafiti wake. Nikamuuliza, "Umesoma ngapi?" Akanijibu kwa furaha, "Babu, zote ninazo." Kuwa nazo sawa. Hata mimi nina jembe nyuma ya mlango, na shamba langu lina nyasi zinazonifika kiunoni.

Mimi nilikuwa bwana shamba, siku hizi mnasema afisa ugani. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya Kakese, hapo tu nje ya Mpanda mjini, kwa baiskeli kwanza, kisha kwa pikipiki ya serikali iliyokuwa ikizimika kila ilipoona kilima. Sasa nimestaafu, na kazi niliyobaki nayo ni kunywa chai na kusahihisha watu ambao hawajaniomba. Leo nawasahihisha kwa kuwasimulia jinsi mimi mwenyewe nilivyosoma vibaya nikiwa mwanafunzi, nikamharibia mama mmoja chakula cha watoto wake.

Chuo kikuu niliingia nikiwa bwana shamba tayari, nina miaka arobaini na tatu, mke, watoto wanne na upara unaoanza. Nilipangwa chumba kimoja na kijana wa Kisukuma aitwaye Masanja, ambaye aliniita Mzee tangu dakika ya kwanza na hakuacha. Wiki ya pili mhadhiri akatupa makala ya kusoma. Makala nilizozijua mimi zilikuwa za gazetini. Hii ilitoka kwenye jarida la kitaaluma: kurasa kumi na nne za Kiingereza, safu mbili kila ukurasa, herufi ndogo mpaka nikadhani waliishiwa karatasi.

Nikaianza kama ninavyoanza kitabu chochote, mstari wa kwanza, neno la kwanza. Kila neno nisilolijua nafungua kamusi, naandika maana yake juu kwa penseli. Siku ya kwanza nilimaliza aya mbili. Siku ya tatu nilikuwa ukurasa wa nne, karatasi imekuwa nyeusi, na ungeniuliza ningekutajia maana za maneno themanini, lakini makala inahusu nini sijui. Masanja alikuwa amejilaza kitandani, ananiangalia kwa huruma.

"Mzee," akasema, "hiyo siyo barua ya posa. Usisome kila neno ukitafuta kama wamekukubali."

Akainuka, akainyakua. "Unasoma kichwa. Unasoma muhtasari huu hapa juu. Unaruka huku kote, unaenda hitimisho. Imeisha hiyo."

"Na huku katikati?"

"Katikati ni kwa ajili ya wenyewe."

Nilimpenda yule kijana siku ile. Nusu ya aliyoniambia ilikuwa kweli, nitaieleza mbele. Lakini mimi niliibeba yote, na mchana mmoja tu nikasoma makala saba. Saba! Nikaanza kutembea chuoni nimeweka mikono nyuma.

Likizo ndefu ilipofika nikapanda treni na begi zima la makala nilizotoa kopi. Kutoka Kaliua mpaka Mpanda treni haina haraka na mtu, nami nikasoma nyingine tano, nikazieleza zote kwa mama mmoja aliyekaa mbele yangu na kuku wake wawili. Alinisikiliza kwa adabu mpaka tukafika. Nadhani waliokuwa na maswali ni kuku.

Moja ya makala zile ilihusu majani ya mti fulani mchungu, unaoota huku kwetu hadi pembeni mwa reli. Jina la mti silitaji, najua mikono yenu ilivyo miepesi. Muhtasari ulisema unga wa majani hayo unaua wadudu wanaoshambulia mahindi yaliyohifadhiwa. Hitimisho likasema unga huo unaweza kuwa mbadala wa dawa za dukani. Nikapiga mstari mwekundu chini ya "mbadala". Lile "unaweza" lililotangulia sikuliona, au nililiona nikalipita kama unavyompita mtu anayekudai.

Sasa nimtambulishe Mama Jeneroza. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye alikulia Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, akaolewa Kakese, na mumewe akafariki akamwachia watoto watano na ekari tatu. Kwa mahindi hakuna aliyemfikia. Miaka yote niliyokuwa bwana shamba pale, mimi ndiye niliyekuwa naenda kwake kutazama anavyofanya, kisha nawaeleza wengine kana kwamba nimetoka nayo ofisini. Mwaka ule alikuwa na magunia sita yaliyokauka vizuri, akijiandaa kuyatia ile dawa ya unga ya dukani kama kawaida yake. Nilimkuta uani anapepeta.

"Mama Jeneroza, mwaka huu achana na dawa ya dukani," nikamwambia. "Wataalamu wamegundua majani."

"Wataalamu wa wapi?"

"Wameandika kwenye jarida. Nimesoma mwenyewe."

Akasimamisha ungo. "Umesoma yote?"

"Nimesoma," nikasema, na nikapandisha sauti kidogo, kama tunavyofanya wote tukidanganya.

"Haya. Weye ndiye bwana shamba."

Tukachuma majani, tukaanika kivulini, tukatwanga, tukachanganya kwenye magunia yote sita. Yote sita, vijana. Hata moja sikumwambia aliache. Nikarudi chuoni kifua mbele, na Masanja nikampelekea dagaa wa Ikola, kule ziwani, kama shukrani kwa kunifundisha kusoma.

Mwezi wa kumi na mbili Mama Jeneroza alinipigia kwa simu ya jirani. Hakunisalimia, na kwa mtu wa malezi yake kutosalimia ni habari tosha. Alisema tu, "Bwana shamba, njoo uone kusoma kwako," akakata.

Nilipofika Kakese mvua zilikuwa zimeshashika, watu wako mashambani wanapanda. Yeye alikuwa amekaa mlangoni ananisubiri. Akanionyesha gunia lililokuwa limeegemea ukuta. "Nyanyua," akasema. Gunia tulilolibeba watu wawili mwezi wa saba, nililinyanyua kwa mkono mmoja, na vumbi jeupe likanimwagikia mpaka kwenye viatu. Ilikuwa kazi ya dumuzi. Kama hamumjui, ni kidudu kidogo cheusi kinachotoboa punje mpaka kinabakiza ganda, na kikiingia ghalani hakijui kushiba.

Magunia manne yalikuwa yamekwisha kabisa. Mawili yaliyosalia tukayachekecha sisi wawili, toka asubuhi hadi jua la utosini. Tulipata madebe manne. Kisha akasonga ugali wa unga wa mahindi yale yale, akaniwekea mbele na mboga ya majani.

"Kula, bwana shamba. Hiyo ndiyo makala yako."

Ulikuwa mchungu kuliko dawa yoyote niliyowahi kunyweshwa utotoni. Watoto watano walikuwa wamekaa kwenye mkeka wananitazama kila ninapomeza, maana wao walishaula wiki nzima na walitaka kuona mkubwa atafanya uso gani. Mdogo wao akacheka. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuipata tena. Mavuno yalikuwa miezi mitano mbele, na chakula cha watoto hawa nilikigeuza vumbi kwa uvivu wa kusoma kurasa kumi.

Nilipomaliza sahani, Mama Jeneroza akasema, "Hiyo karatasi unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye begi.

"Nisomee. Hapo katikati."

Nikafungua kurasa zile kwa mara ya kwanza. Zilikuwa safi hata penseli haijazigusa. Nikawa nasoma Kiingereza polepole, nambadilishia kwa Kiswahili, na yeye anauliza.

"Hayo mahindi waliyatia kwenye gunia?"

Nikatafuta kwa kidole. "Kwenye chupa. Chupa za kioo, ndani ya maabara."

"Mana yanje!" akamwita Mungu wake kwa Kirundi. "Nani anaweka mahindi kwenye chupa?" Watoto wakacheka wote. "Mdudu gani waliyemtilia humo?"

"Fukusi, yule mwenye pua ndefu."

"Na mimi nina nani?"

"Dumuzi."

"Muda gani walimwangalia?"

"Wiki chache."

"Mimi nakula mwaka mzima." Akasogeza kigoda karibu. "Na wenyewe, mwishoni, wanasemaje? Kuna walichoogopa?"

Nikageuza kurasa. Kabla kidogo ya hitimisho, kwenye aya ambayo Masanja angesema ni ya wenyewe, waliandika wazi kabisa kwamba hawajui majani yale yatafanyaje kwa dumuzi, wala kwenye maghala ya wakulima, na kwamba inabidi yajaribiwe huko kwanza kabla ya kumshauri mtu yeyote. Nikamsomea.

"Basi hao watu hawana kosa," akasema. "Walisema kila kitu. Weye ndiye hukuwasikiliza."

Siku ile ile nilimpelekea magunia matatu kutoka stoo yangu. Mke wangu hakunisemesha siku mbili, na siku ya tatu aliyonisemesha ilikuwa afadhali angeendelea kununa. Watoto wa Mama Jeneroza wakala mpaka mavuno, japo kwa kubana. Mimi nikapata jina. Habari ya chupa ilizunguka Kakese yote kabla sijafika stendi, na nikipita watoto wanapiga kelele, "Bwana Chupa! Bwana Chupa!" Likizoni nikiitisha mkutano wa wakulima, wanakuja watatu, na wawili wamekuja kuniona tu uso. Bwana shamba asiyesikilizwa ni mtu mwenye pikipiki basi. Nilijua kwamba nisipopata tena imani ya yule mama mmoja, Kakese nzima nimeikosa, na shahada yangu nitaitundika ukutani iangalie mlango.

Sasa niseme Masanja alipatia wapi. Kuanza na muhtasari ni sawa kabisa. Unabisha hodi ujue kama nyumba ndiyo yenyewe. Nyingi utaziacha mlangoni hapo hapo, na usione haya. Kati ya zile arobaini za kwenye simu, pengine tano ndizo zako. Ila hizo tano unaingia mpaka jikoni. Mimi tangu siku ile nikitoka kwenye muhtasari naenda moja kwa moja kwenye mbinu, pale wanapoeleza walifanya nini hasa, nikiwa na maswali ya Mama Jeneroza: walijaribu kwenye nini, kwa mdudu gani, kwa muda gani, na wenyewe wanakiri nini. Kama wewe ni muuguzi, weka mgonjwa mahali pa mdudu. Kama ni mwalimu, weka mwanafunzi, ila usimwambie.

Halafu natazama majedwali na michoro kabla sijasoma maelezo yake. Najaribu kuielewa mwenyewe, ndipo nawasikiliza waandishi wanasemaje. Tusipokubaliana nachangamka, maana mmoja wetu amekosea. Mara nyingi huwa mimi, lakini si mara zote, na hizo chache ni tamu. Utangulizi nausoma baadaye, nikishajua wanachogombania. Na nyie mnaopaka rangi ya njano kila mstari, mwisho wake makala yote ni ya njano na hamjachagua kitu.

Nikimaliza nafunika karatasi zao. Nachukua ukurasa mmoja wa daftari, naandika kwa Kiswahili kile nitakachomwambia Mama Jeneroza. Zoezi hili ndilo limenisaidia kuliko yote. Kuna sentensi za Kiingereza ambazo unaweza kuzinakili vizuri mpaka nukta ya mwisho bila kuelewa kitu, na ukapata alama. Kwa Kiswahili, mbele ya mama anayepepeta mahindi na kukuuliza "kwa nini?", huwezi. Ukikwama kwenye kuandika, basi hapo ndipo ulipokuwa hujaelewa, rudi.

Kosa jingine nililifanya mbele ya msimamizi wangu wa utafiti, mama mmoja mpole mwenye macho makali. Niliandika kwamba watafiti fulani walisema jambo fulani. Akaniuliza, "Umewasoma wao, au umemsoma aliyewasoma?" Nilikuwa nimemsoma aliyewasoma. Akanituma nikatafute makala yenyewe, nikaipata baada ya wiki, na nilipoifungua nikakuta walisema kinyume. Orodha ya marejeo kule nyuma siyo mapambo. Ni njia ya kukufikisha kwa msemaji mwenyewe.

Najua mnachotaka kuniambia. Mnataka kuniambia siku hizi kuna akili mnemba, unaipa makala inakurudishia mistari mitano. Nimeiona, mjukuu wangu alinionyesha, ni kitu kizuri. Masanja naye alikuwa ananipa mistari mitano, tena bila bando. Shida haikuwa Masanja. Shida ilikuwa mimi kwenda na mistari mitano kwenye magunia sita ya mtu.

Mwaka uliofuata, likizo ndefu tena, nikaenda kwa Mama Jeneroza na makala nyingine. Hii ilihusu majivu ya pumba za mpunga, na pumba huku kwetu tunazo milima. Nilikuwa nimeisoma mara tatu, kurasa zimechakaa. Nilimkuta ameshakausha mahindi yake. Nikabaki nimesimama, maana hakunikaribisha kukaa.

"Chupa?" akauliza.

"Magunia. Maghala ya wakulima wenyewe."

"Fukusi?"

"Dumuzi."

"Muda?"

"Miezi mitano."

Akaniangalia vizuri. "Na wanaogopa nini?"

"Walijaribu sehemu ya baridi, milimani. Wamesema penye joto hawajui." Nikavuta pumzi. "Na mimi sijui, Mama Jeneroza. Nimesoma yote, na sijui kama kwako itafanya kazi."

Ndipo akanisogezea kigoda. Tukakubaliana hivi: magunia yake yote yanatiwa dawa yake ya dukani, hakuna kuyagusa. Debe moja tu la kwake linatiwa majivu. "Na debe moja la kwako," akaongeza, "yaliwe yote pamoja kama ni kuliwa." Nikaleta debe langu. Mke wangu aliniona nikilitoa, akatazama pembeni.

Siku ya kufungua, miezi mitano baadaye, majirani walijaa uani bila kualikwa. Mmoja alikuja na benchi lake. Watoto walikaa mstari wa mbele, na nilisikia "Bwana Chupa" ikipita chini chini. Nilikuwa nimeomba Mungu tangu treni inaondoka Kaliua. Nilitaka sana yale mahindi yatoke mazima, siwafichi, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kufaulu mtihani.

Mama Jeneroza akatandika turubai. Akamimina debe lake, kisha langu.

Vumbi. Punje zilizotoboka, na vidudu vyeusi vikitembea taratibu juu ya majivu kana kwamba ndiyo mboga yao. Yule mwenye benchi akaangua kicheko, na wote wakafuata. Mimi niliinama nikajifanya natafuta punje nzima.

Mama Jeneroza alichota konzi moja, akaipuliza, akaitazama mkononi. Kisha akaingia ndani ya stoo, akatoka amebeba konzi nyingine, ya mahindi yake mazuri kutoka kwenye magunia ambayo hatukuyagusa. Akayaonyesha majirani, akageuka kwangu.

"Andika," akasema. "Joto, dumuzi, miezi mitano, imekataa. Andika na jina langu, asije mwingine akasoma akaruka."

Nikatoa daftari nikaandika pale pale, na aya ile imo kwenye utafiti wangu mpaka leo, katikati kabisa, na jina lake limo. Majirani walikuwa bado wanacheka. Yeye akawageukia, akapandisha sauti wamsikie wote.

"Chekeni, lakini mpokeeni tena mtu wenu," akasema. "Dawa imeshindwa. Bwana shamba amepona."